Asidi haitaiponya chila yenu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako na karatasi ya maabara uliyoambatisha, na nitajibu kwa urefu kwa sababu tatizo lako ni la majengo mengi ya pwani.

Kwa wasomaji wengine nieleze kwanza swali. Aliyeniandikia anasimamia matengenezo ya hoteli ya ghorofa 8 Mombasa. Ana chila 2, yaani mashine za kupoza maji yanayozunguka vyumbani kupoza hewa. Ni za kupozwa kwa maji, zenye uwezo wa tani 150 za upozaji kila moja, moja ikifanya kazi na ya pili ikipumzika, na mnara wa kupozea maji uko juu ya paa. Mnara unajazwa maji ya kisima cha hoteli. Kila baada ya miezi 4 hivi chila inajikata kwa presha ya juu. Anaitwa fundi, anazungusha asidi ya chumvi ndani ya kondensa, yaani sehemu ya chila ambamo gesi ya kupozea inapozwa na maji ya mnara, mashine inapona, halafu baada ya miezi 4 hali ni ile ile. Muuzaji wa dawa za maji ya mnara anasema dozi iongezwe. Meneja ameletewa kifaa cha sumaku cha kufunga kwenye bomba, kinachodaiwa kuzuia chokaa. Zaidi ya hayo, maji baridi yanayozunguka kwenye feni za vyumbani yanatoka mekundu siku moja na meusi siku nyingine. Anauliza: kati ya fundi, muuzaji na meneja, amsikilize nani?

Kabla ya wote watatu, isikilize hiyo karatasi ya maabara. Jibu limo humo, na kwa unavyoniambia imekaa kwenye faili tangu Machi.

Lakini nianze na asidi, maana hiyo inaweza kumuua mtu kabla haijaua mashine. Umeandika kwamba kila Ijumaa mnatia mnarani klorini ile ile ya bwawa la kuogelea, na kwamba mara ya mwisho fundi wa asidi alifika Jumamosi asubuhi. Asidi ya chumvi ikikutana na klorini ya namna hiyo, gesi ya klorini inatoka palepale. Ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni na kwenye vyumba vya mashine visivyo na madirisha, na mtu aliyeinama kukaza kiungo cha bomba ndiye anayeivuta kwanza. Nimewahi kumshika mkono kijana aliyetolewa kwenye chumba cha mashine cha jengo moja akikohoa povu. Alipona, ila hakurudi kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo kuanzia leo asidi na klorini visikae stoo moja, visibebwe kwa ndoo moja, na maji yenye klorini yamwagwe na mfumo usuuzwe kabla ya usafishaji wowote wa asidi.

Ama mashine yenyewe: ukuta wa mrija wa shaba katika kondensa za ukubwa huo ni mwembamba, haufiki milimita 1. Asidi inayoyeyusha chokaa haijui chokaa imeishia wapi na shaba inaanzia wapi. Mkisafisha hivyo mara 3 kwa mwaka, kila mara mnapunguza kidogo shaba, na mnaila zaidi ile sahani ya chuma inayoshika ncha za mirija. Siku mrija mmoja ukitoboka, gesi itatoka na maji yataingia upande wa gesi mashine ikizimwa, na hapo hamtanunua mrija, mtanunua kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Njia ninayoitaka ni kufungua vifuniko vya kondensa na kupitisha brashi ya nailoni inayozunguka, mrija kwa mrija, huku maji yakipita. Ni kazi ya siku moja ya vijana wawili. Ikiwa chokaa imeganda kiasi kwamba brashi haiiwezi, tumieni asidi ya salfamiki iliyochanganywa na dawa ya kulinda shaba, pimeni pH, yaani kipimo cha uasidi kinachopanda asidi inapopungua, kila dakika kumi, simamisheni pale pH inapoacha kupanda, kisha ondoeni ukali uliobaki kwa magadi na msuuze mpaka maji yarudi kama yalivyoingia. Na kwa kuwa mmeshatumia asidi kali kwa miaka 2, mwiteni mtu mwenye kifaa cha kupitisha ndani ya mirija kupima unene uliobaki. Fanyeni hivyo kabla ya usafishaji mwingine wowote.

Sasa tuje kwenye chanzo. Ukitoka Malindi kuelekea Garsen unapita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi, jua na upepo vinayakausha, mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Mnara wenu unafanya kazi hiyo hiyo juu ya paa. Unapoza maji kwa kuyageuza sehemu kuwa mvuke, na mvuke hauondoki na chumvi wala chokaa. Tani 150 za upozaji ni karibu kilowati 530 za joto, ongeza joto la kompresa unapata kama 650. Kila kilo 1 ya maji inayogeuka mvuke inabeba kilojuli 2,400 hivi. Ukigawanya utaona kwamba mnara unatoa karibu lita 1,000 za mvuke kila saa chila ikiwa kwenye mzigo kamili. Tukichukua saa 15 za mzigo kamili kwa siku, ambazo kwa hoteli iliyojaa Mombasa si nyingi, ni lita 15,000 zinazopaa na kuacha mzigo wake nyuma.

Karatasi yako inaonyesha maji ya kisima yana kloraidi, yaani sehemu ya chumvi, miligramu 350 kwa lita, na maji ya mnara yana 1,400. Kloraidi haigandi popote wala haipai, kwa hiyo ndiyo shahidi mwaminifu kuliko wote: maji yenu yamekolea mara 4. Sasa angalia ugumu, yaani kalisi na magnesi. Kisimani ni 320. Kama yote yangebaki ndani ya maji, mnarani mngekuta mara 4 ya hapo, 1,280. Maabara imekuta 980. Zilizopungua ni 300, na hazikwenda mbinguni. Zimekuwa gamba jeupe ndani ya mirija, kwenye vijazio vya mnara ambamo maji hutiririka, na chini ya beseni lake.

Tuipime kwa kilo, maana meneja anaelewa kilo. Maji yanayokolea mara 4 huku yakipoteza lita 15,000 kwa mvuke lazima yawe yanatoka kwa njia nyingine lita 5,000 kwa siku. Hesabu ni mvuke kugawanywa kwa 3, yaani idadi ya mkolezo kutoa moja. Kila mita ya ujazo inayotoka ilipaswa kutoka na gramu 300 zaidi za chokaa, lakini imeziacha. Mara 5, ni kilo 1.5 kwa siku. Ikiwa siku ya kipimo ilikuwa ya kawaida, kwa miezi 4 ni kilo 180, zaidi ya mifuko 3 ya saruji. Si zote zilizoingia kwenye kondensa, lakini hata robo yake inatosha kuikata mashine.

Hizo lita 5,000 zinatokaje wakati umeniambia hamna vali ya kumwaga maji mazito, yaani yaliyokolea? Jibu umelitaja mwenyewe bila kujua, ulipolalamika kwamba boya la mnara, lile linalofunga maji beseni likijaa, ni bovu na bomba la kufurikia linadondosha usiku na mchana. Lita 5,000 kwa siku ni lita 3 na nusu kwa dakika, mdondoko wa bomba lililofunguliwa nusu. Mwanangu, huo mvujo ndio uliokuwa ukiwaokoa. Umesema wiki ijayo mnabadilisha boya ili kuokoa maji. Boya libadilishwe, ndiyo, lakini si kabla ya kuweka njia nyingine ya kutoa maji mazito. Mkiziba mvujo na kuacha mengine kama yalivyo, maji hayatakuwa na pa kutokea isipokuwa matone yanayochukuliwa na upepo, mkolezo utapanda mpaka chokaa igande kila mahali, na mashine itajikata mapema zaidi ya miezi 4. Nimeona mafundi wema wakifanya hivyo, wakasifiwa kwa kupunguza bili ya maji, kisha wakalaumiwa kwa chila.

Kwa nini chokaa inachagua mirija ya kondensa? Sukari huyeyuka vizuri zaidi kwenye chai ya moto. Chokaa ni kinyume: kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyojitenga. Katika mzunguko wote wa mnara, mahali penye joto zaidi ni ukuta wa mrija unaogusa gesi. Kila mwenye birika Mombasa amekwisha kuona jambo hili nyumbani kwake. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mvua inapopenya chini inaiyeyusha na kuileta kisimani. Kloraidi ina asili nyingine. Visima vikivutwa kwa nguvu, maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya bahari yanapungua, na bahari inasogea. Basi kisima chenu kinawaletea maadui wawili kwa ndoo moja: kinachoganda, na kinachokula chuma.

Ndiyo maana sikubali ushauri wa kuongeza dawa tu. Dawa ya kuzuia chokaa ni kitu kizuri na mtaihitaji, lakini ina kikomo chake, na ukikolea kupita kikomo hicho dozi mara mbili haikusaidii. Wala msikimbilie mashine ya kulainisha maji, ingawa mtu atakuja kuwauzia. Inabadilisha kalisi kwa sodiamu na kuiacha kloraidi ile ile. Mnara wenu ni wa bati lililopakwa zinki, na maji laini yenye pH ya juu huila zinki na kuacha unga mweupe unaofanana na chokaa, fundi akadhani ni gamba akaukwangua, kumbe anakwangua ngozi ya mnara.

Ninachopendekeza ni hiki. Wekeni kidhibiti cha upitishaji umeme wa maji, chenye vali inayofunguka yenyewe maji yanapokolea na kujifunga yanapopungua. Kwa maji ya kisima peke yake, yenye upitishaji wa maikrosimensi 1,900, msiruhusu yakolee zaidi ya mara 2, yaani vali ifunguke kwenye 3,800. Mkolezo wa mara 2 unakula maji mengi: lita 30,000 kwa siku badala ya 20,000 za sasa. Meneja atashtuka, na ana haki. Lakini umesema hoteli ina mtambo wa kuchuja chumvi kwa utando, kwa ajili ya jiko na vyumba, na usiku haufanyi kazi. Utumieni usiku. Mkichanganya nusu kwa nusu maji ya mtambo na ya kisima, kloraidi inashuka mpaka kama 180, mnaweza kukolea mara 4 bila kuvuka kama 720, na vali inabaki karibu na 4,000. Mtahitaji lita 20,000, nusu kutoka kila upande. Mtambo ukigeuza asilimia 70 ya maji yanayoingia kuwa matamu, jumla mtakayovuta kisimani ni kama 24,000, chini ya zile 30,000, na kisima kinapumua. Msijaze mnara kwa maji ya mtambo matupu. Maji yasiyo na chochote ndani yana njaa, hutafuta chuma cha kula.

Kuna chanzo kingine ambacho hoteli nyingi zinakimwaga kwenye mfereji: maji yanayodondoka kwenye mashine za kupozea hewa. Hewa ya Mombasa ni nzito kwa unyevu. Kama theluthi ya mzigo wa chila yako ni kukausha hewa, mnadondosha karibu lita 4,000 kwa siku, baridi, na karibu hazina chumvi kabisa. Bomba moja na pampu ndogo vinayapeleka mnarani, ambako yatapata dawa pamoja na mengine. Hesabu ya gharama ifanye mwenyewe, lakini mimi ningeanza na hilo kabla ya kununua kitu chochote kikubwa.

Jambo la kupima kila siku, bila maabara: tofauti kati ya joto la gesi inapogeuka kimiminika na joto la maji yanayotoka kondensa. Zote mbili zinaonekana kwenye kioo cha chila. Mashine safi ina tofauti ya nyuzi 1 au 2. Wewe umenitumia picha ya wiki moja kabla ya kujikata: maji 36, gesi 44. Nyuzi 8! Kila nyuzi 1 ya ziada inaongeza umeme wa kompresa kwa asilimia 2 hadi 3, kwa hiyo mlikuwa mkilipa asilimia 12 mpaka 18 zaidi kabla hata mashine haijalalamika. Andikeni namba hiyo kila asubuhi saa ile ile, mzigo ukiwa unakaribiana. Ikifika 4, fungueni kondensa na brashi. Msingoje presha.

Ikipanda na chokaa haionekani, tafuteni utelezi. Utando wa ute wa bakteria unazuia joto vibaya kuliko chokaa yenyewe, kwa unene ule ule, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji yaliyotulia. Na hapa klorini yenu ya Ijumaa inanisikitisha. pH ya mnara ni 8.7. Klorini inaua vizuri pH ikiwa karibu na 7, kwenye 7.5 nusu yake tu ndiyo yenye makali, na kwenye 8.7 haifiki sehemu 1 ya 10. Mnatia, inanuka, mnaridhika, na bakteria wanaendelea na maisha. Bromini hustahimili pH hiyo vizuri zaidi. Itiwe kidogo kidogo kila siku, ibaki kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa lita kwa kipimo cha matone, na mara moja kwa wiki mtie dawa ya aina nyingine kabisa, isiyo ya jamii ya klorini wala bromini, ili wale waliojificha chini ya utando wasizoee. Tena klorini ya unga ya bwawani ina kalisi ndani yake: mmekuwa mkiongeza chokaa kwa mkono wenu. Kupima bakteria tumieni vile vibao vya kuchovya, vikae kwenye nyuzi 30 kwa siku 2. Mkiona chini ya 10,000 kwa mililita mko salama. Mkivuka 100,000 ni dharura.

Nasema dharura kwa sababu mnara si mashine ya kupoza tu, unarusha matone hewani. Julai 1976 wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Baada ya siku chache wakaanza kuugua homa ya mapafu. Waliougua walikuwa 182 na 29 wakafa, na kwa miezi hakuna aliyejua sababu. Januari 1977 mtafiti Joseph McDade wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani akampata bakteria, wakamwita Legionella. Anaishi majini, anapenda joto la kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu humpata kwa kuvuta tone dogo, si kwa kunywa. Mwaka 2015 huko Bronx, New York, mnara wa hoteli moja ulirusha matone yaliyowaambukiza watu 138, wakafa 16. Wengi hawakuwa wageni wa hoteli, walikuwa majirani na wapita njia. Mji ukatunga sheria kwamba kila mnara uandikishwe na upimwe.

Ulaya wana hofu hiyo hasa wakati wa kiangazi. Mombasa maji ya mnara yana nyuzi 29 hadi 36 mwaka mzima. Sisemi mnara wenu una bakteria huyo. Nasema mmemwandalia nyumba, na mtajua kwa kupima. Pelekeni sampuli kwenye maabara inayopima Legionella, na rudieni kila miezi 3. Zaidi ya 1,000 kwa lita, simamisheni feni siku hiyo hiyo mpaka muue na kupima tena. Nimeangalia pia mchoro wa paa. Tundu la kuvutia hewa safi ya ukumbi wa mikutano liko mita 6 kaskazini ya mnara. Kipindi cha Kaskazi si tatizo kubwa. Lakini Kusi ikianza kuvuma, upepo unayachukua matone moja kwa moja mpaka kwenye tundu hilo, na ukumbi una watu 200. Kabla ya Kusi badilisheni vile vizuizi vya matone juu ya mnara, ambavyo kwenye picha naona vimevunjika upande mmoja, na lihamisheni tundu hilo. Kati ya yote niliyoandika, hili lisisubiri bajeti.

Vijana wanaoosha beseni kwa mpira wa presha wavae barakoa nzuri inayochuja chembe, si kitambaa, na feni izimwe. Kabla ya kuosha, tieni dawa ya kuua na iachwe izunguke saa kadhaa. Beseni lioshwe mara 2 kwa mwaka, na tope lake litolewe kwa koleo badala ya kurushwa kwa presha. Na kwa kuwa umegusia maji ya moto vyumbani kidogo: tangi lenu la nyuzi 45 liko ndani ya masafa yale yale ya bakteria. Lipandisheni lifike 60, na mtu apime kwamba bomba la mwisho la ghorofa ya 8 linafikia 50 baada ya dakika moja, kisha vali ya kuchanganya ilinde ngozi ya mgeni.

Nije kwenye maji mekundu na meusi. Huu ni mzunguko mwingine kabisa, uliofungwa, na kanuni zake ni za kwake. Hapa maji hayapaswi kupaa wala kukolea. Yaleyale yaliyotiwa mwaka juzi yangepaswa kuwa humo leo. Mekundu ni kutu mpya, maana yake oksijeni inaingia. Meusi ni kutu iliyokosa oksijeni. Kuona zote mbili kwa zamu kunaniambia mnaongeza maji mapya mara kwa mara, kila mara yanaleta oksijeni yake, inaliwa na chuma, kisha mnaongeza tena. Kwa hiyo msinunue dawa kwanza. Nunueni mita ndogo ya maji, ifungwe kwenye bomba la kujazia mzunguko huo. Ikiwa inasoma hata lita 100 kwa siku, kuna mahali panavuja: mihuri ya pampu, vali za kutoa hewa, au mtu anayefungua bomba la feni za chumbani kuosha sakafu. Hilo la mwisho nimelikuta, na si mara moja.

Mvujo ukishapatikana, suuzeni mzunguko kwa kasi mpaka machujio yatoke safi, jazeni kwa maji ya mtambo na si ya kisima, kisha tieni naitraiti, dawa ya kuzuia kutu, ifikie kati ya miligramu 600 na 1,000 kwa lita, pH kati ya 8.5 na 10. Kuna bakteria wanaokula naitraiti. Mkiona inashuka wiki hadi wiki na mita ya maji haisogei, ni wao. Kuongeza naitraiti ni kuwaongezea chakula, ueni kwanza. Maji yakinuka mayai viza, mna bakteria wengine wanaotoboa chuma chini ya tope, na hapo kusuuza ndiyo dawa ya kwanza. Lengo ni chuma kilichoyeyuka kisizidi miligramu 1 kwa lita. Karatasi yako inasema 14.

Kuhusu sumaku sitachukua nafasi kubwa. Hata ingefanya yote wanayosema, haitatoa hata gramu moja ya kloraidi mnarani, haitaua bakteria wa majini, na kilo 1.5 za chokaa kwa siku zingebaki zikitafuta pa kukaa. Hizo pesa zinatosha kidhibiti, vali yake, mita 2 za maji na kifuko cha vipimo vya matone, na chenji inabaki.

Muuzaji wa dawa usimfukuze. Mkataba wake ndio mbaya. Analipwa kwa idadi ya madumu, kwa hiyo kila tatizo jibu lake ni dumu. Mwandikieni upya: alipwe kwa mwezi, na masharti yawe tofauti ya kondensa isiyozidi nyuzi 3, bakteria chini ya 10,000, chuma chini ya 1, na vipande vya chuma na shaba vinavyotumbukizwa kwenye maji kwa siku 90 kisha vikapimwa uzito kuona vimeliwa kiasi gani. Nimefanya kazi na wauzaji wengi, na walio wazuri wanafurahi kuandikiwa hivyo, kwa sababu wanapata nafasi ya kuonyesha ujuzi wao.

Kabla ya Ijumaa ijayo fanya mambo matatu. Zuia boya lisiguswe. Panda paani na ndoo ya lita 20 na saa, pima bomba la kufurikia linajaza ndoo kwa dakika ngapi. Pima upitishaji umeme wa kisima na wa mnara, asubuhi na jioni. Nitumie hizo namba pamoja na tofauti ya kondensa ya kila siku, nami nitakuandikia vali ifunguke kwenye ngapi na dozi ianze na kiasi gani. Na mwambie fundi wa asidi asije Jumamosi.